Kilio Kinachopigiwa Makofi

Ukienda Kirumba leo ukasema Nestory Radi amekufa, jiandae kukimbia. Kuna mama muuza dagaa pale atakuambia alimwona juzi tu akishuka kwenye kivuko cha kutoka Sengerema, kavaa kofia yake ya pama, kabeba begi la ngozi. Fundi baiskeli wa Mabatini atabisha: si Sengerema, yuko Ulaya, kaoa mzungu mwenye kiwanda cha magitaa. Na kijana ambaye bendi ilivunjika yeye bado ananyonya atakukunjia ngumi kwa kuwa umemtukania mzee wake.

Mimi nimemzika Radi mara mbili, na bado siaminiwi.

Najua mnavyonisema. Mzee Mhoja anaongeza chumvi. Ni kweli, naongeza. Nilikuwa mpishi wa meli miaka mingi, na chumvi ndiyo elimu pekee niliyoipata bila kuulizwa cheti. Ni mimi niliyewaambia kwamba Radi alipoimba mnadani Magu ng'ombe waligoma kuuzwa mpaka wimbo uishe, na fahali mmoja akadai urudiwe. Ni mimi niliyesema aliwahi kuimba melini tukiwa katikati ya ziwa, sangara wakaruka wenyewe hadi jikoni kwangu, nikawarudisha wadogo. Hayo ni yangu, nayakubali. Haya ninayoandika sasa nimeyapika kwa maji matupu.

Radi alikuwa mwimbaji wa bendi ya Mawe Matatu, na bendi ilikuwa mali ya kiwanda cha kuchambua pamba. Zamani zile kiwanda kilikuwa na zahanati, timu ya mpira na bendi, na hakuna aliyeshangaa. Mchana Radi alifunga marobota ya pamba, Jumamosi jioni alivaa suruali ya bugaluu nyeupe na pama, akapanda jukwaani. Sauti yake ilikuwa laini, lakini mwishoni ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama mlango wa nyumba ya mtu unayempenda. Meli ilikuwa ikitia nanga Jumamosi nami nashuka bila kuvua aproni. Nilimpenda kwa upumbavu wote ambao mtu mzima anaweza kuukusanya. Hata kitana chake kilichokatika meno ninacho, na sina nywele.

Nyumbani kwao alikuwa akiitwa Kulwa, maana alizaliwa wa kwanza, na nyuma yake akafuata Doto. Uso mmoja, kimo kimoja, hata mwendo mmoja wa kuuvuta mguu wa kushoto kana kwamba kiatu kinabana. Sauti tu ndiyo Mungu aliyoigawa vibaya. Kulwa alipewa yote, Doto akaachiwa ya kuulizia bei ya mchele. Doto alibaki Magu na majaruba yake ya mpunga, na mjini hakuna aliyemjua.

Ilipokuja ruksa ya biashara huria, kiwanda kikapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya hakuona tarumbeta linachangia nini kwenye pamba. Vyombo vikauzwa. Radi akatoweka. Watu wakasema anatafuta mkataba nje. Hakuwa nje. Alikuwa Magu kwa shangazi yao, Ng'washi, juu ya mkeka, anakwisha kama sabuni, kwa ule ugonjwa ambao wakati huo tuliuita kila jina isipokuwa lake. Nilikwenda kumwona. Nilimpikia uji, akanywa vijiko viwili, akaniambia, "Mhoja, hata huu umezidisha chumvi." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Alikufa asubuhi, watu wakiwa shambani wanapandikiza mpunga. Nilivuta pumzi kwa nguvu, kwa kuwa nilikuwa nimejiandalia kilio kikubwa. Shangazi Ng'washi akaniziba mdomo kwa kiganja chenye tope.

"Pacha haliliwi," akasema.

"Mama, huyu ni Radi!"

"Kwako ni Radi. Kwangu ni Kulwa, na Kulwa ana mwenzake. Ukimlilia huyu, atamwita yule. Unataka nizike wawili?"

Ndiyo desturi ya ukoo wao. Pacha akifa hakuna kilio, hakuna matanga, hakuna tangazo la redio. Anazikwa penye unyevu, watu wananawa mikono, wanarudi kazini kana kwamba wamepanda mche. Tulimzika pembeni ya jaruba. Doto alisimama ukingoni mwa shimo midomo kaikaza, shingo imevimba kama ya mtu aliyemeza jiwe likakwama njiani. Kabla ya jua la utosi walikuwa wamemrudisha kwenye maji kupandikiza, na walimtaka aitikie nyimbo za kazi. Aliitikia.

Mjini kwetu kifo si mtu kukata roho. Kifo ni mama mmoja kupiga yowe alfajiri, na majirani wakifunga khanga viunoni wanaulizana, ni kwa nani? Radi hakupigiwa yowe. Hakuna aliyeketi kwenye jamvi kwa ajili yake, hakuna aliyechanga mchele. Basi mji ukabaki unamngoja.

Mwaka uliofuata Doto akahamia Buswelu, jirani yangu, kwa sababu mkewe Evelina alipata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Wiki ya kwanza tu nikamsindikiza Kirumba kununua ndoo. Laiti ningemvalisha gunia kichwani. Tulikuwa hatujafika kwenye mafungu ya dagaa, yule mama niliyemtaja akaachia ungo.

"Radi! Jamani, Radi huyu!"

"Hapana, mama," Doto akasema. "Mimi ni Doto."

"Doto! Haya, Doto. Na mimi ni Malkia wa Uingereza, nauza dagaa kwa kujificha." Akaangua kicheko, akamshika mkono. "Baba, umetutupa. Mume wangu alinichumbia kwa wimbo wako. Kafa, mwenzio. Niimbie kidogo tu."

"Mimi si mwimbaji. Nestory alikuwa kaka yangu. Amefariki."

Wakacheka wote. Radi wa kweli, akiwa jukwaani, alikuwa na tabia ya kujizushia kifo. Angesema, "Ndugu zangu, Radi amekufa, mimi ni mzimu wake," kisha akapiga ukelele na bendi ikaanza. Watu wakaona ni yeye yule, na utani wake uleule. Ndoo tukapewa bure, na dagaa juu yake. Doto alirudi Buswelu ameshika ile ndoo kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba maji ya kumwoshea maiti.

Baada ya hapo hakukuwa na amani. Walikuja watu hadi uani. Walikuja wanawake watu wazima wamejipaka poda, wakimwita Evelina "wifi". Mmoja alikuja na mtoto mkubwa kabisa, akasema mtoto huyu amempata kwenye wimbo fulani. Evelina akamjibu, "Basi kamwombe matunzo huo wimbo." Alikuwa na ulimi mkali, huyo binti, na mikono iliyonuka samaki hata Jumapili. Lakini jioni nilimsikia akimwuliza mumewe, taratibu, "Hivi wewe utarudi lini?" Na mumewe alikuwa ameketi pale pale.

Siku zile magugu maji yalikuwa yamelivamia ziwa. Nilikuwa nikiyatazama ufukweni nafikiria sifa ya mtu. Gugu lile halina ardhi linayoishika. Ukilikata, vipande vinaota. Ukilivuta pwani, kesho limejaa. Samaki chini yake wanakosa hewa wanakufa, na juu linatoa ua zuri la zambarau. Aliyekuwa nalo jina kalala kwenye tope la Magu, hana habari. Anayekosa hewa ni mwingine.

Doto alikuja kwangu siku moja nikiwa nachambua maharage. Hakukaa.

"Mzee Mhoja, kifua kimejaa."

"Kikohozi?"

"Kilio. Tangu siku ile hakijashuka. Naamka nacho, nalala nacho. Wewe ukifiwa unalia, siku ya tatu unaulizia chai. Mimi nimefiwa kila siku, maana kila siku wananiamkia kwa jina lake."

"Basi lia. Funga mlango ulie."

"Shangazi kasema nikilia ataniita."

"Na wewe unaamini?"

Akanitazama kwa macho ya Radi, nikaona aibu, kwa sababu hata mimi, nikiwa najua ninachojua, moyo wangu uliruka ukadhani ni mwenyewe. "Nina mke," akasema. "Siwezi kuamini nusu."

Ndipo akaja Mihayo. Huyu alikuwa mmoja wa wale vijana wa ruksa, jana mitumba, leo mchele, kesho muziki. Alikuja na gari jekundu na mpango uliokamilika. Amekodi ukumbi Mabatini, dansi la Jumapili mchana. Amewaokota wapiga ngoma na mpiga gitaa wa Mawe Matatu waliokuwa wamebaki hai. Doto atavaa pama na bugaluu. Redio kaseti itaimba nyimbo za zamani kwenye spika, yeye atachezesha midomo tu.

"Lakini mimi si yeye," Doto akamwambia. "Wewe unaelewa mimi si yeye?"

"Naelewa vizuri sana, kaka," Mihayo akasema. "Ndiyo maana nimeleta kaseti."

Evelina alikuwa anakwangua sufuria. Akaitupa. "Toka! Mume wangu si kibandiko!"

Mihayo akatoka akacheka nje. Lakini Doto alinifuata baadaye, macho yanang'aa kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

"Nitakwenda," akasema. "Kumwambia mmoja mmoja nimeshindwa. Jumapili watakuwa wote sehemu moja, na maiki nitakuwa nayo mimi. Nitawaambia Nestory alikufa, alizikwa Magu, na aliyebaki ni Doto. Wakishajua, watanipa pole. Nikipewa pole tu inatosha, Mzee. Huenda kifua kikashuka bila kulia."

"Shangazi atasemaje?"

"Kasema nisilie. Hakusema nisiseme."

Evelina alikataa usiku kucha, kisha akakubali kwa sharti moja: asitoe hata chozi. Alimwapisha kwa jina la mama yake. Nami nikaenda kumpigia pasi ile bugaluu, tena nilikunja mkunjo kama wembe. Nisiseme uongo, nilikuwa natetemeka kwa furaha.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walikuja watu kutoka Igoma, Magu, na ng'ambo ya ziwa. Mbele kabisa, karibu na spika, alikaa Okech, Mjaluo mmoja kutoka Musoma mwenye kibanda cha kuuza kanda pale stendi. Yeye alikuwa haendi dansini kucheza. Alikuwa anakwenda na redio yake, anaielekezea spika, anarekodi, na Jumatatu dansi zima liko sokoni. Hakumwibia mtu kwa siri. Mihayo mwenyewe alimsogezea kiti.

Doto alipotokea, ule ukelele mimi sijausikia tena. Wazee wenzangu walilia. Kanda ikaanza, mkwaruzo ule ukatoka kwenye spika, naye akachezesha midomo akiuvuta mguu wa kushoto, na Mungu anisamehe, nilisahau jaruba. Nilisahau tope kwenye kiganja cha Shangazi. Wimbo ukaisha, Doto akavua pama, akashika maiki.

"Ndugu zangu, Nestory Radi amekufa."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mtu nyuma akaitikia, "Na wewe ni mzimu wake!"

"Mimi ni Doto, pacha wake. Alikufa kwa ugonjwa. Tumemzika Magu. Naomba mnielewe."

"Tunaelewa, Radi! Piga kazi!"

"Amekufa!" Sauti yake ya kuulizia bei ikapasuka. "Kweli amekufa, jamani. Nipeni pole."

"Pole!" wakajibu wote kwa pamoja, wakicheka, wakipiga makofi. "Pole! Pole! Pole!" Mpiga ngoma akaingia kwenye makofi hayo.

Mihayo akaona mambo yanachelewa, akabonyeza redio. Kanda ikaanza wimbo wa pili, ikatoa sauti ya mlevi, ikazama, ikakatika. Redio ilikuwa imeila. Nilimwona Mihayo akiuvuta utepe ule wa kahawia kama matumbo ya samaki, anatafuta kalamu ya kuuzungushia. Ukumbi ukanyamaza ukimtazama Doto. Naye alikuwa ameshika maiki, na shingo yake ikaanza kuvimba kama siku ile ukingoni mwa shimo.

Evelina alikuwa mlangoni. Nilimsikia, "Doto, usithubutu."

Akalia.

Sijui nikueleze vipi. Hakikuwa kilio cha mtu mmoja. Kilianzia chini tumboni, "Mayoo, Kulwa wane," mama wee, Kulwa wangu, kikapanda, kikamwita kwa majina ya utotoni, kikamwuliza kwa nini amemwachia uso peke yake aubebe. Alilia Kisukuma, na huko mwishoni, ambako pumzi inakatika, ukatoka ule mkwaruzo. Ule ule. Kumbe Mungu hakuwa amegawa vibaya, alikuwa ameuficha chini ya jiwe.

Mpiga gitaa alikuwa mzee wa kazi. Akausikiliza kidogo, akatafuta ufunguo wa sauti ile, akaupata. Ngoma zikafuata. Wanawake wakaanza kuitikia, "Mayoo, Kulwa wane," wakinyanyua mikono, na watu wakaingia uwanjani kucheza. Doto alipiga magoti, wakashangilia. Alijigaragaza, wakamtupia noti. Nilipiga kelele, "Anafiwa! Jamani, mtu anafiwa!" Jirani yangu akanikumbatia akasema, "Hata mimi nimeguswa, Mzee."

Jumatatu kanda ilikuwa stendi. Okech aliandika kwa kalamu nyekundu, "Radi Karudi". Jumatano ilikuwa inapigwa kwenye harusi.

Nilimkuta Doto mkekani, sauti imekauka. "Sasa kimeshuka?" nikamwuliza.

"Hapana," akanong'ona. "Kilio kinachopigiwa makofi hakiishi, Mzee. Kinaniambia nianze tena."

Akaanza tena kweli. Mihayo alimpeleka Sengerema, akampeleka Magu mjini, na kila mahali watu walikuwa hawataki nyimbo za kanda, walitaka kilio. Evelina alimfungia mlango, akatoka dirishani. Alikuwa anasema safari hii wataelewa, safari hii atalia mpaka mwisho. Akarudi na homa. Hospitalini walisema ni malaria iliyopanda kichwani. Shangazi Ng'washi alipofika Buswelu hakuuliza daktari kasema nini. Alikaa mlangoni akavua viatu, akasema, "Nani alimlilia Kulwa?" Doto akanyanyua mkono wake mwenyewe kidogo, kama mwanafunzi. Alfajiri akawa ameondoka.

Tulimzika Magu, pembeni ya jaruba, ubavuni mwa mwenzake. Tulikuwa wachache. Pacha haliliwi, na safari hii hapakuwa na mwingine wa kuitwa, lakini Shangazi alisema desturi haiangalii idadi. Akamkazia Evelina macho. Evelina alikuwa ameijaza khanga kinywani, anaitafuna, mabega yanaruka, na hakutoa sauti. Vijana wakateremsha mwili. Kilichosikika ni tope tu.

Barabarani, hatua chache kutoka pale, lori la mchele lilikuwa limepata pancha. Utingo alikuwa chini anafungua tairi, na dereva, ili asichoke kungoja, akawasha redio.

"Mayoo, Kulwa wane."

Evelina akaitema khanga. Sote tukageuka. Sauti ilikuwa ya Doto, inatoka kwenye spika mbili mlangoni mwa lori, inapanda ile njia yake, na nyuma yake ukumbi mzima wa Mabatini unaitikia. Shangazi Ng'washi akakusanya nguo zake, akakatiza jaruba, akazama hadi magotini, akafika kwenye lori amelowa.

"Shikamoo, mama," dereva akasema.

"Zima hicho kitu, mwanangu. Tuko mazikoni."

"Pole sana, mama. Nani kafariki?"

Shangazi akafungua mdomo, akamwonyesha redio kwa kidole.

Dereva akaitazama redio, akamtazama yeye, akatabasamu kwa heshima. "Huyo? Huyo ni Radi, mama. Yuko hai huyo, nilimwona Sengerema kwa macho yangu." Akapunguza kidogo kwa ajili ya msiba, lakini hakuzima. "Msikilize anavyolia. Mfu gani analia hivi?"

Shangazi alibaki amesimama pale, mkono juu ya mlango wa lori. Nyuma yangu vijana walikuwa wanafukia, na majembe yao, bila wao kujua, yalikuwa yameshaingia kwenye ngoma. Tukamaliza kaburi, tukanawa mikono kwenye maji ya mpunga. Kanda ikafika mwisho ikajikata yenyewe, na dereva akaitoa, akaipuliza vumbi, akaigeuza upande wa pili.